Kioo kinachowaka kijani: Safari ya ushanga kutoka milima ya Bohemia

Ukinunua bidhaa katika duka kubwa mjini Nairobi, Mombasa au Kisumu na ulipe kwa noti ya shilingi elfu moja, huenda karani akaipitisha noti hiyo chini ya taa ndogo yenye mwanga wa zambarau kabla ya kukupa chenji. Nia yake ni kuona alama zilizofichwa ambazo hazionekani kwa macho matupu.

Sasa chukua taa iyo hiyo na uimulike juu ya ushanga fulani wa kioo, wenye rangi ya manjano inayoelekea kijani, ambao mchana huonekana kama ushanga wowote ule. Mara moja utawaka kijani kibichi, mfano wa jani changa la mgomba lililopigwa na jua. Zima taa, nao huzimika papo hapo.

Hakuna uchawi hapa. Ndani ya kioo hicho mna urani, yale madini ambayo wengi wetu tunayafahamu kwa habari za mabomu na mitambo ya nyuklia. Kwa zaidi ya miaka 100 mafundi wa Ulaya na Marekani waliyatia kwenye kioo kwa sababu ya rangi yake tu. Siku hizi vioo hivyo vikuukuu vinasakwa na wapenzi wa vitu vya kale, na kuna mafundi wa mapambo wanaovifunga kwa waya wa shaba au wa fedha na kupata vidani, vipuli na bangili ambazo hazina pacha popote.

Ili kuuelewa ushanga huo ni sharti tufunge safari hadi Jamhuri ya Czech, katika nchi ya kale ya Bohemia. Huko kuna miji miwili. Mmoja ulitoa urani, na mwingine ukatoa kioo. Na safari hii, msomaji, inaishia karibu na nyumbani kuliko unavyodhani.

Mji wa fedha na jiwe la mkosi

Ukitoka Prague, mji mkuu, na kuelekea magharibi kwa kiasi cha kilomita 130, utafika Karlovy Vary, mji unaojulikana kwa chemchemi zake za maji moto. Kutoka hapo barabara inapanda kaskazini, ikipita katikati ya misitu kuelekea milima iliyo mpakani mwa Ujerumani. Baada ya kilomita 20 hivi unaingia Jáchymov, jina ambalo wenyeji hulitamka Yahimov. Ni mji mdogo uliojibana ndani ya bonde jembamba.

Anayeutazama leo hawezi kudhani kwamba mji huu umewahi kuitikisa dunia, tena mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katika karne ya 16. Fedha iligunduliwa milimani, mji ukaanzishwa mwaka wa 1516, na wachimbaji wakamiminika kama nzi kwenye asali. Kuanzia mwaka wa 1520 sarafu kubwa za fedha zilipigwa chapa hapa kwa idhini rasmi. Kwa Kijerumani mji uliitwa Joachimsthal, na sarafu zake zikaitwa Joachimsthaler. Watu wakalikata jina hilo likawa thaler, na kutokana na thaler tukapata dola.

Kwa hivyo, kila unaposikia bei ya dola ikitajwa katika taarifa ya habari, ujue jina hilo lilizaliwa katika bonde hili. Sarafu za ukoo huo zilifika hata kwetu. Thaler yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ilitumika sana katika biashara ya pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19, na Waswahili wakaiita riale.

Mara ya pili ilitokana na kitu ambacho wachimbaji walikuwa wakikitupa. Walipokuwa wakifuata mshipa wa fedha chini ya ardhi, walikutana na jiwe jeusi, zito, lisilo na faida yoyote kwao. Mara nyingi kulikuta jiwe hilo kulimaanisha kwamba fedha imekwisha. Wakaliita Pechblende. Neno Pech kwa Kijerumani ni lami, na pia ni mkosi.

Mnamo 1789 mkemia wa Berlin, Martin Heinrich Klaproth, alilichunguza jiwe la aina hiyo na kugundua kwamba ndani yake mna elementi ambayo haikuwa ikijulikana. Akaiita urani kwa heshima ya sayari ya Uranus, iliyokuwa imegunduliwa miaka minane tu kabla ya hapo. Jiwe la mkosi likaanza kutafutiwa kazi, na kazi ya kwanza ya maana iliyopatikana ilikuwa kutia rangi kwenye kioo na vyombo vya kauri. Katika miaka ya 1850 kiwanda cha rangi za urani kilianzishwa Jáchymov, na unga wake wa manjano ukawa unapelekwa kwa mafundi wa sehemu mbalimbali za Ulaya.

Mabaki ya kiwanda hicho yalirundikwa msituni. Yangelikuwa huko hadi leo kama si Marie Curie na mumewe Pierre, wanasayansi waliokuwa wakifanya kazi Paris. Mwaka wa 1898 walitangaza elementi mbili mpya, poloniamu na radiamu, walizozigundua katika jiwe hilo jeusi. Ili kupata radiamu safi walihitaji mali ghafi nyingi kuliko walivyoweza kununua, basi wakaletewa tani kadhaa za mabaki kutoka Jáchymov. Taka za kiwanda cha kutia kioo rangi ndizo zilizofungua mlango wa sayansi ya nyuklia. Marie alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1903 na nyingine mwaka wa 1911.

Waliolipa gharama

Msafiri anayefika Jáchymov siku hizi atauona mji wa mapumziko na matibabu. Hoteli kubwa ya Radium Palace, iliyofunguliwa mwaka wa 1912, bado imesimama. Wagonjwa wa viungo huja kuoga maji yenye gesi ya radoni yanayovutwa kutoka mgodi wa Svornost, mmoja wa migodi ya kale zaidi mjini humo.

Lakini mgeni mwenye masikio atasikia hadithi nyingine. Daktari Georgius Agricola alianza kuwatibu watu wa mji huu mwaka wa 1527. Katika kitabu chake kikubwa kuhusu uchimbaji wa madini, kilichochapishwa mwaka wa 1556, alieleza jinsi vumbi la migodini lilivyoyala mapafu ya wachimbaji. Alitaja kwamba katika migodi ya milima ya Carpathia kulikuwa na wanawake walioolewa na wanaume saba, mmoja baada ya mwingine, wote wakachukuliwa na ugonjwa huo. Karne nyingi zilipita kabla ya wataalamu kutambua kwamba katika milima hii ya Bohemia na upande wa pili wa mpaka, zaidi ya vumbi kulikuwa na radoni, gesi inayotokana na urani, ambayo huleta saratani ya mapafu.

Yaliyofuata baada ya Vita Vikuu vya Pili yalikuwa mabaya zaidi. Urani ilikuwa sasa mali ya kutengenezea silaha, na ile ya Jáchymov ilipelekwa Muungano wa Sovieti. Baada ya Wakomunisti kutwaa serikali mwaka wa 1948, kambi za wafungwa zilijengwa kuuzunguka mji. Maelfu ya watu walichimba jiwe hilo kwa nguvu, wengi wao wakiwa wafungwa wa kisiasa ambao kosa lao lilikuwa kuwa na maoni tofauti. Kambi ya mwisho ilifungwa mwaka wa 1961. Karibu na mji wa Ostrov pangali na jengo la matofali mekundu ambamo wafungwa walisaga na kupakia madini kwenye mapipa, wakivuta vumbi lake siku nzima. Jengo hilo huitwa Mnara Mwekundu wa Kifo. Mwaka wa 2019 UNESCO iliutia katika orodha ya turathi za dunia ukanda wa migodi ya milima hii, mnara huo ukiwemo.

Hayo ni vyema yajulikane na kila anayekitamani kioo kile. Kioo chenyewe hakikutengenezwa kwa jasho la wafungwa hao, kwani kingi kilitangulia miaka mingi. Hata hivyo, mwamba ni ule ule, na vumbi ni lile lile.

Milima ya kioo

Sasa turudi Prague na tuelekee upande mwingine, kaskazini mashariki, kwa kiasi cha kilomita 100. Hapa pana milima ya Jizera, na chini yake, kando ya mto Nisa, kuna mji wa Jablonec nad Nisou. Wajerumani waliokuwa wakiishi hapa waliuita Gablonz.

Kwa nini kioo kilizaliwa hapa? Wanafunzi wa jiografia watatambua sababu mara moja. Misitu ilitoa kuni za kuwasha matanuri, na mito iliyoteremka kwa kasi ilizungusha mawe ya kusugulia. Kioo hutengenezwa kwa mchanga safi, chokaa, na magadi au potasi inayotokana na majivu, vikayeyushwa pamoja katika moto mkali. Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kulielewa jambo hilo. Magadi yanayotolewa Ziwa Magadi, katika kaunti ya Kajiado, ni mojawapo ya mali ghafi zinazotumiwa na viwanda vya vioo.

Rangi hutokana na kile kinachoongezwa tanurini. Chuma huleta kijani cha chupa. Kobalti huleta buluu. Urani huleta manjano na kijani, na juu ya hayo huongeza ile tabia ya kuwaka inapomulikwa na miali ya zambarau isiyoonekana kwa macho.

Waliovuma zaidi kwa rangi hiyo walikuwa ukoo wa Riedel, wenye matanuri kwenye milima hii. Josef Riedel aliitwa mfalme wa kioo wa milima ya Jizera. Katika miaka ya 1830 na 1840 ukoo huo ulitoa kioo cha urani cha aina mbili, Annagelb na Annagrün, yaani manjano ya Anna na kijani cha Anna. Anna huyo alikuwa mke wa Josef. Bilauri, vyombo vya maua na chupa za manukato za rangi hizo zilipamba meza za matajiri. Waingereza na Wamarekani baadaye walikiita kioo cha namna hii kioo cha Vaseline, kwa kufanana kwake na yale mafuta ya kujipaka.

Lakini Jablonec haikutajirika kwa bilauri za mabwana. Ilitajirika kwa vitu vidogo kama shanga, vifungo na mapambo ya bei nafuu. Matanuri yalitoa fimbo ndefu za kioo chenye rangi. Fundi alizinunua na kuzipeleka kwake, katika kibanda kilichokuwa kando ya nyumba. Alilainisha ncha ya fimbo motoni, akaibana kwa koleo lenye kalibu ya chuma, na mara ushanga ukapatikana, tundu lake likiwa tayari. Wake na watoto walizipanga shanga na kuzitunga kwenye nyuzi usiku. Ilikuwa kazi ya ukoo mzima, nayo haikulipa sana.

Katika jumba la makumbusho la kioo na mapambo mjini Jablonec, lililoanzishwa mwaka wa 1904, mgeni anaweza kuona kadi za sampuli ambazo wafanyabiashara walizibeba kwenda ng'ambo. Kila nchi ilikuwa na mapenzi yake. India ilitaka bangili za kioo. Afrika ilitaka shanga.

Kete, fundo na masango

Na hapa ndipo safari inapotuleta nyumbani. Katika karne ya 19 hakuna msafara ulioweza kuondoka pwani yetu kwenda bara bila vitu vitatu: nguo, shanga na waya. Hizo ndizo zilizokuwa pesa za njiani. Shanga zilipimwa kwa kete, yaani uzi wa shanga, na kete 10 zilifanya fundo. Waya mnene wa shaba uliitwa masango. Waya wa chuma uliitwa seng'enge, neno ambalo leo tunalitumia kwa ua wa shamba.

Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, aliandika mwaka wa 1860 kwamba kulikuwa na aina zipatazo 400 za shanga sokoni. Shanga nyekundu za samesame zilipendwa mno. Aliyekosea rangi alijuta, kwa maana shanga zilizopendwa katika nchi moja zilikataliwa katika nchi jirani, na mwenye msafara angeweza kulala njaa huku amebeba mizigo ya shanga. Wanaodhani kwamba babu zetu walichukua chochote kinachometameta wanapotea. Walikuwa wateja wenye kuchagua, na viwanda vya Ulaya vililazimika kuwafuata.

Shanga nyingi za wakati huo zilitoka Venice, Italia. Bohemia iliingia kwenye biashara hiyo kwa nguvu baadaye, na haijatoka. Mpaka leo shanga ndogo ndogo za kioo kutoka milima ya Jizera huuzwa Kenya, na kina mama wa Kimaasai wanaojua kazi yao huzipenda kwa kuwa zinalingana ukubwa na hazipauki upesi. Zile kola pana zinazoinuka na kushuka shingoni mwa wasichana wanapocheza hutungwa kwenye waya ili zisilegee. Yaani shanga na seng'enge za misafara zingali pamoja, ila sasa zina sura na maana waliyozipa Wamaasai wenyewe.

Mikono iliyotawanyika

Enzi ya kioo cha urani ilififia katikati ya karne ya 20. Marekani ilizuia urani kutumiwa kwa kazi za kiraia wakati wa vita na kuiruhusu tena mwaka wa 1958. Kabla ya hapo, katika ile miaka migumu ya 1930, viwanda vya huko vilikuwa vimetoa sahani na vikombe vya rangi kwa bei ya chini kabisa, vingine vikitolewa bure kwa waliolipa kiingilio cha sinema. Vingine kati ya hivyo vina urani, na ndivyo wakusanyaji wanavyovigombania sasa.

Jablonec yenyewe ilipata pigo lake. Mwaka wa 1945 na 1946 wakazi wenye asili ya Kijerumani walifukuzwa Czechoslovakia, na mafundi wengi wakaondoka na ujuzi wao kichwani. Baadhi yao walianza upya huko Bavaria, mahali walipopaita Neugablonz, yaani Gablonz Mpya. Waliobaki na waliokuja baadaye waliendeleza kazi chini ya kampuni za serikali hadi utawala wa Kikomunisti ulipoanguka mwaka wa 1989. Mwaka wa 2023 UNESCO iliutambua utengenezaji wa kioo kwa mikono wa nchi sita, Jamhuri ya Czech ikiwa mojawapo, kuwa urithi wa kulindwa. Kitu hakitiwi katika orodha kama hiyo ila kiko hatarini au kina thamani kubwa, na mara nyingi ni yote mawili.

Je, kina hatari?

Hilo ndilo swali la kwanza la kila mzazi, na ni swali la haki. Jibu lina sehemu mbili.

Kwanza, ule mwanga wa kijani si mionzi ya nyuklia. Urani iliyomo ndani ya kioo hupokea miali ya taa na kuirudisha kama mwanga wa kijani. Kioo hicho hakiwaki chenyewe gizani.

Pili, ni kweli kwamba kioo hicho hutoa mionzi kidogo. Kwa kawaida urani huwa kama asilimia 2 ya uzito wake, ingawa kuna vyombo vya karne ya 20 vilivyotiwa nyingi zaidi, hata kufikia asilimia 25. Uchunguzi uliochapishwa na tume ya nyuklia ya Marekani mwaka wa 2001 ulionyesha kwamba mionzi anayopata mtumiaji wa vyombo hivyo ni kidogo mno. Hatari ya kweli ni ile ile aliyoiona daktari Agricola, nayo ni vumbi. Kwa hivyo usikitoboe, usikisage, usikipige tupa wala kukikata. Kisitumiwe kuwekea maji ya ndimu au achari, kwani uchachu huweza kuondoa urani kwenye kioo. Kidani chake kivaliwe harusini au karamuni, si cha kulala nacho. Na shanga zote ziwekwe mbali na watoto wachanga, ambao hutia kila kitu mdomoni.

Ama kuhusu kukitambua, vyote ving'aavyo si dhahabu. Kioo chenye manganizi pia huonyesha kijani hafifu chini ya taa ya zambarau. Kadimiamu huwaka kwa rangi ya machungwa. Wakusanyaji makini hutumia pia kipima mionzi kabla ya kulipa. Ukipata kurunzi ya miali hiyo, usiielekeze machoni mwa mtu.

Kufunga kwa waya

Kwa kuwa kioo hiki hakipaswi kutobolewa, waya ndio rafiki yake wa kweli. Hauhitaji moto, gundi wala mashine. Mtoto yeyote wa Kenya aliyewahi kuunda gari la waya ameshajifunza nusu ya kazi hii. Unahitaji koleo lenye midomo ya mviringo, koleo lenye midomo bapa na kikato cha waya. Unahitaji pia waya wa shaba wa unene wa milimita 0.8 na mwingine wa milimita 1. Fundi wa umeme anaweza kukupa vipande vilivyobaki baada ya kazi. Menya plastiki yake kwa kisu, usiichome, kwa maana moshi wake ni sumu. Na nyaya zilizo kwenye nguzo za barabarani si zako!

Kwa ushanga wenye tundu, kata waya wa milimita 0.8 wenye urefu wa sentimita 12. Pinda ncha moja iwe kitanzi kidogo ili ushanga usipite. Tia ushanga. Juu yake acha nafasi ndogo, kisha pinda waya upande kama pembe ya mraba. Uzungushe kwenye mdomo wa koleo ili kupata kitanzi cha juu, kisha mkia wake uuviringe mara tatu shingoni pale ulipoacha nafasi. Kata kilichobaki na ubane ncha isichome. Ukitengeneza viwili, una vipuli. Ndoano zinazoingia masikioni ziwe za fedha au za chuma kisichoshika kutu, kwani shaba huacha rangi ya kijani mwilini.

Gololi za kale zenye urani nazo husakwa, na kwa kuwa hazina tundu, hutengenezewa kizimba. Kwa gololi ya milimita 16 kata sentimita 30 hivi za waya wa milimita 1. Anza kuviringa kutoka ncha zote mbili, kila moja ikielekea upande wake, kama konokono wawili waliounganishwa kwa herufi S. Konokono hao wakifikia upana wa gololi, wakunje walaliane. Sukuma kitovu cha kila mmoja nje polepole kwa msumari butu, na utapata kizimba mfano wa tufe. Panua nyaya mbili, tia gololi, kisha uzirudishe. Pitisha pete ndogo ya waya juu, na kidani kiko tayari kwa mkufu.

Vifungo vya kioo ni rahisi zaidi, kwani vina matundu au kishikio nyuma. Lakini kipande cha sahani iliyovunjika kiachwe. Makali yake hukata, na kuyasugua ni kuleta vumbi lile lile tulilolikataa.

Kumbuka kwamba shaba hukakamaa kadiri unavyoipinda. Ukiikunja na kuikunjua mahali pamoja, itakatika. Amua kwanza, kisha pinda mara moja.

Bila shaka kioo cha urani si kitu cha kupatikana katika kila kibanda cha mitumba, ingawa si ajabu kabati la nyanya fulani kuwa na bakuli la manjano lililosahaulika. Anayetaka kujifunza na aanze na gololi za kawaida na shanga za sokoni. Mkono ukizoea, hautabagua kioo.

Shanga ziliponunuliwa kwa mafundo pwani, bei yake haikupangwa na Jablonec wala Venice peke yake. Ilipangwa pia na watu waliozikubali au kuzikataa, na baadaye na kina mama walioziunganisha zikawa kitu ambacho mtengenezaji wa Bohemia hakuwahi kukifikiria. Hali ndiyo hiyo kwa kioo kinachowaka. Kuna mchimbaji aliyekohoa akitafuta rangi yake, kuna familia iliyokesha kibandani ikitunga shanga, na sasa kuna wewe na koleo lako. Ukikifunga vizuri, mtu akakusifia kidani chako na kukuuliza umekipata wapi, usimwambie bei tu. Mweleze pia kilikotoka.